Kugandisha na kuyeyusha mbegu za kondoo dume: mwongozo kamili, kuanzia kuvuna hadi jike kushika mimba

Dume la kondoo aina ya Dorper safi ukiulizia bei yake hapa Dar unaweza ukaahirisha ufugaji siku hiyohiyo, ndo maana wafugaji wa Kigamboni, Chanika, Mkuranga mpaka Bagamoyo wameanza kuulizia mbegu za kugandishwa, kwamba kama wenye ng'ombe wanahimilisha (wanapandikiza mbegu kwa kifaa bila dume) kila siku na mtungi wa naitrojeni, kile kimiminika baridi sana cha kutunzia mbegu, unazungushwa mtaa kwa mtaa, sisi wa kondoo tunashindwa nini. Hatushindwi. Ila kondoo sio ng'ombe mdogo, na mtu akikuambia ni kitu kilekile we jua hajawahi kukishika. Naelezea hatua zote hapa, kuvuna, kupima, kuchanganya, kupoza, kugandisha, kutunza, kuyeyusha na kupandikiza, pamoja na vipimo vyake, ila naanzia mwisho maana huko ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Amua kwanza mbegu utaziingizaje

Kwa ng'ombe mhimilishaji anaingiza mkono kwa nyuma, anaushika mlango wa kizazi kupitia ukuta wa utumbo, anapitisha kifaa mpaka ndani ya kizazi, kazi imeisha. Kondoo mkono hauingii. Alafu mlango wake wa kizazi una mikunjo migumu, mara nyingi 4 mpaka 7, na haijajipanga kwenye mstari mmoja, yaani tundu la mkunjo huu haliangaliani na tundu la mkunjo unaofata, kwahiyo kifaa kinagota pale mwanzoni na mbegu unaishia kuziacha mlangoni zijitafutie njia zenyewe. Mbegu mbichi zinaweza hiyo safari. Zilizotoka kwenye barafu nyingi haziwezi, zinaishi masaa machache na nguvu zimepungua.

Ndo maana mbegu zilezile, kutoka dume lilelile, zikiachwa mlangoni mara nyingi zinashika mimba asilimia 10 mpaka 30, na zikidungwa moja kwa moja kwenye pembe za kizazi kwa laparoskopi zinashika 50 mpaka 70. Laparoskopi maana yake daktari anatoboa matundu mawili madogo tumboni mbele ya kiwele, moja la kamera moja la sindano, dakika chache jike linashuka kitandani. Norwei wao wanamwaga mbegu zilizogandishwa ukeni tu na wanapata karibu asilimia 60, lakini ni kondoo wa kwao kule, nchi nyingine zilivyoiga njia hiyo kwa kondoo wao hazikufika huko, sasa wewe usichukue namba ya Norwei ukaja kuipangia bajeti ya majike wa Kisarawe.

Kwahiyo swali la kwanza ni je, unaye daktari wa mifugo mwenye laparoskopi na anayejua kuitumia kwa kondoo? Kama unaye, endelea. Kama hauna na dume lipo Kigamboni majike wapo Kibaha, achana na mtungi, vuna mbegu mbichi, zipoze mpaka nyuzi 5, weka kwenye chupa ya baridi na uzitumie ndani ya masaa 12 hivi, utapata matokeo mazuri kuliko za kugandisha na gharama ni ndogo mno. Kugandisha kuna maana pale dume liko mbali sana, au limezeeka, au unataka kutunza damu ya aina fulani isipotee, mfano Red Maasai wetu safi wanaohimili minyoo ambao kila mtu anawachanganya na Dorper mpaka itafika siku hamna aliyebaki halisi.

Na zikigandishwa vizuri zinadumu kweli. Kule Australia mwaka 2019 walitangaza majaribio ya mbegu za kondoo aina ya Merino zilizogandishwa mwaka 1968 na Steve Salamon wa Chuo Kikuu cha Sydney, walihimilisha majike 56 yakashika 34, asilimia 61, wakati mbegu zilizogandishwa miaka ya karibuni zilishika asilimia 59. Miaka 50 kwenye naitrojeni na hazikuzidiwa.

Kwanini mbegu za kondoo ni nyepesi kufa

Ngozi ya nje ya mbegu ya kondoo dume ina mafuta laini mengi na kolesteroli kidogo ukilinganisha na ya ng'ombe. Ikipozwa ghafla hayo mafuta yanaganda vipande vipande, ngozi inavuja, mbegu inaanza kuzunguka duara au inakufa kabisa, hata kabla haijafika kwenye barafu. Hatari kubwa ni kati ya nyuzi 20 na nyuzi 5. Alafu inakuja hatari ya pili wakati wa kuganda kwenyewe, ukigandisha polepole sana maji yanatoka ndani ya mbegu na chumvi inabaki inaichoma, ukigandisha haraka sana barafu inajitengeneza ndani na kuipasua. Kazi yote ya hapa chini, kiini cha yai, gliserini, kusubiri masaa mawili kwenye friji, urefu wa rafu juu ya naitrojeni, ni kupita katikati ya hizo mbili.

Hatua ya 1: dume

Mbegu unazovuna leo zilianza kutengenezwa karibu miezi miwili iliyopita. Kwahiyo dume likiwa liliumwa homa mwezi uliopita, au lilishinda juani Desemba bila kivuli, leo linaonekana zima kabisa ila mbegu zake ni mbovu. Hapa Dar joto la Desemba mpaka Machi sio mchezo, mimi ningepanga kugandisha kuanzia mwishoni mwa Julai mpaka Septemba, baada ya dume kukaa kwenye baridi yetu ya kipupwe, banda lipitishe upepo, maji safi muda wote, majani mazuri na pumba au mashudu ya kuongeza protini kwa miezi miwili kabla.

Shika korodani, ziwe mbili, zinalingana, ngumu kiasi, hazina uvimbe wala maumivu. Mkia wa korodani kule chini uwe umejaa. Dume lenye korodani ndogo au moja liuze kwa ajili ya sikukuu. Pima brusela (ugonjwa wa kuambukiza unaoharibu uzazi) na magonjwa mengine ambayo daktari wa eneo lako atakuelekeza, hii usiiruke maana dume moja la kawaida linaambukiza zizi moja ila dume la mbegu linaambukiza kila mahali mrija wake wa mbegu (kabomba kembamba zinamogandishiwa) ulipofika. Na kama unaagiza mbegu kutoka nje, mfano Afrika Kusini, kibali kutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi kinaanza kabla ya malipo, sio mtungi umeshafika uwanja wa ndege ndo unaanza kupiga simu.

Dume lifundishwe kupanda jike lililofungwa na kutoa kwenye uke bandia. Mengine yanaelewa siku ya kwanza, mengine wiki mbili tatu, tumia jike lililo kwenye joto. Kama dume lilikaa muda mrefu bila kupanda, vuna mara kadhaa na umwage, hizo za mwanzo ni mbegu zilizozeeka kwenye mirija yake.

Hatua ya 2: kuvuna

Uke bandia ni bomba gumu lenye mpira ndani, katikati unajaza maji ya moto na hewa kidogo. Kinachotakiwa ni ndani ya mpira pawe nyuzi 40 mpaka 42 wakati dume linapanda, kwahiyo maji unayojaza yawe moto zaidi ya hapo, kama nyuzi 50 hivi, ingiza themomita ndani upime, usikisie kwa kidole. Likiwa baridi dume linakataa, likiwa moto sana linaumia na kesho halitaki kukuona. Paka kilainishi kidogo tu pale mwanzoni, kikiwa kingi kinateremka kwenye kikombe kinaharibu mbegu. Kikombe cha kupokelea kiwe na joto, nyuzi 30 mpaka 37, kikavu kabisa, hata tone la maji ya bomba linaua mbegu.

Kondoo dume ni fasta, linapanda, linasukuma mara moja, limemaliza, kwahiyo we uwe tayari ubavuni, unausogeza uume kwa kushika ngozi ya nje tu sio uume wenyewe, unauelekeza ndani. Funika kikombe, jua lisipige, peleka maabara. Na maabara hapa nazungumzia chumba chochote kisafi chenye AC na meza, kisiwe mita 500 kutoka banda.

Kile kifaa cha umeme cha kuingiza kwa nyuma kiache kwa dume lisiloweza kupanda tu, kinalitesa mnyama na mara nyingi mkojo unaingia.

Hatua ya 3: kupima, na upime haraka

Una kama dakika 10 mpaka 15, kila kitu kinachogusa mbegu kiwe na joto la nyuzi 30 mpaka 37.

Rangi inatakiwa maziwa mazito au krimu. Njano yenye harufu ni mkojo, pinki ni damu, kijani au kijivu ni usaha, hizo zote mwaga na umuite daktari kuangalia dume. Kiasi kitakuwa kama mililita 1, inaweza ikawa nusu au karibu 2, usishtuke ni kidogo, maana kwenye hiyo mililita moja kuna mbegu bilioni 3 mpaka 6.

Weka tone dogo kwenye kioo kilichopashwa, bila kufunika, angalia kwa hadubini kwa ukuzaji mdogo. Mbegu nzuri utaona mawimbi meusi yanazunguka kwa nguvu kama wingu la mvua. Alama inatolewa 0 mpaka 5, na ya kugandisha iwe 4 au 5. Ya 3 tumia mbichi. Chini ya hapo mwaga, na hapa watu wengi wanaona uchungu wanasema tujaribu tu, naitrojeni utakayoipoteza ni ghali kuliko hiyo mililita. Kugandisha hakuboreshi mbegu, kunaua kama nusu ya zile nzuri.

Wingi unahesabu kwa kioo maalum cha kuhesabia chembe za damu, kilekile cha hospitali, au fotomita (kifaa cha kupima wingi kwa mwanga) kama unayo. Hamna njia ya mkato hapa, bila namba ya wingi hujui unaweka mbegu ngapi kwa kila mrija. Angalia pia maumbo, vichwa vilivyokatika, mikia iliyojikunja, zikizidi asilimia 20 hilo dume lipumzishwe.

Hatua ya 4: maji ya kuchanganyia

Kuna ya kununua tayari, na kama unaanza nunua. Ya kujitengenezea yenye gliserini ambayo imetumika miaka mingi kwa kondoo ni hii, kwa mililita 100:

- Trisi (unga wa maabara wa kutuliza pH, yaani kipimo cha uchachu) gramu 3.63
- Asidi ya sitriki yenye maji gramu 1.99
- Glukosi gramu 0.5
- Kiini cha yai mililita 15
- Gliserini mililita 5
- Penisilini yuniti 100,000 na streptomaisini miligramu 100
- Maji yaliyochujwa kwa mvuke, jazia mpaka mililita 100

Maji ni yale ya maabara, sio ya chupa ya dukani, na pH icheze kwenye 6.8 mpaka 7. Yai liwe bichi la siku mbili tatu, la kuku asiye kwenye dozi ya dawa, kama ni wa kienyeji au wa kisasa haina shida. Pasua, tenganisha ute, kiini kiviringishe juu ya karatasi ya kuchujia mpaka ute wote uishe, toboa ngozi yake, kamua kiini chenyewe ngozi ibaki. Wengi wanakosea wanachanganya na ute. Ukiwa na sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) zungusha huo mchanganyiko, utapata maji masafi na kwenye hadubini hautachanganya chembe za mafuta na mbegu.

Gliserini usizidishe. Ng'ombe wanawekewa kama asilimia 7, kondoo inatakiwa 4 mpaka 6, ikizidi inakuwa sumu. Tengeneza siku hiyohiyo, au igandishe kwenye friza na uyeyushe unapohitaji.

Sasa hesabu. Tuseme umepata mililita 1.2 zenye bilioni 4 kwa mililita, jumla bilioni 4.8. Kama unafanya laparoskopi inatosha mbegu hai milioni 20 mpaka 25 kwa jike, na kwa kuwa zitakazotoka hai ni kama asilimia 40, ukiweka milioni 100 kwenye mrija wa mililita 0.25 utapata hai milioni 40, uko salama. Bilioni 4.8 gawa kwa milioni 100 ni mirija 48. Mirija 48 mara 0.25 ni mililita 12, kwahiyo unaongeza maji ya kuchanganyia mililita 10.8. Ila kama unataka kuziacha mlangoni unahitaji hai milioni 150 au zaidi, kwahiyo mrija uwe na milioni 400, na hapo mvuno uleule unakupa mirija 12 tu. Umeona kwanini nilisema uamue kwanza? Ukishagandisha kwa hesabu ya laparoskopi alafu baadae ukasema uweke mlangoni, inabidi jike moja lile mirija minne, na mililita nzima ya maji pale mlangoni inarudi nje.

Wakati wa kuchanganya, mbegu na maji viwe joto moja, nyuzi 30, na maji ndo yanaingia kwenye mbegu polepole, sio mbegu kumwagwa kwenye maji.

Hatua ya 5: kupoza

Hapa ndo pa kukaa kwa utulivu, na kwa hali ya hewa yetu ndo panaposumbua kuliko kote. Unatakiwa utoke nyuzi 30 mpaka 5 kwa muda wa saa moja na nusu mpaka mawili. Njia rahisi ni kuweka kichupa cha mbegu ndani ya bika kubwa la maji, karibu nusu lita, maji yawe nyuzi 30 kama mbegu, alafu bika lote liingie kwenye friji iliyopimwa ikawa nyuzi 4 au 5. Wingi wa maji ndo breki. Maji yakiwa kidogo zitapoa haraka, zikipoa haraka zimekufa, na usizisogeze sehemu ya friza.

Shida ni kujaza mirija. Vitabuni wanakuambia ujaze ukiwa nyuzi 5, ndani ya kabati la baridi, sasa wewe upo Mbezi chumba hakikaribii hizo nyuzi 5 hata AC ikihangaika, ukitoa kichupa kwenye friji ukaanza kujaza mirija moja moja mbegu zinapanda joto na ukirudisha zinashuka tena. Ushauri wangu kwa asiye na kabati: jaza mirija kabla ya kupoza, chumba kikiwa na AC nyuzi 22 hivi, ziba, alafu funga mirija kwenye mfuko usiopitisha maji na uizamishe kwenye bika la maji ya joto hilohilo na ndo iingie friji. Matokeo ni mazuri na unapunguza kuhangaika. Acha kahewa kidogo kwenye mrija maana vitu vikiganda vinatanuka, ziba kwa unga wa kuzibia au kwa joto, na uandike kabla: namba ya dume, aina, tarehe, namba ya mvuno. Mrija usio na maandishi ni takataka hata kama ndani kuna dume la ndoto zako.

Umeme ukikatika dakika 20 usifungue friji, bika la maji litakulinda.

Hatua ya 6: kugandisha kwenye mvuke

Naitrojeni ya maji kwa Tanzania chimbuko kubwa linalojulikana ni Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji pale Usa River, Arusha, na hapa Dar unaweza kuulizia wauzaji wa gesi za viwandani. Uliza kabla, weka oda, na uchukue zaidi ya unayohitaji kwa sababu inakauka yenyewe.

Tafuta boksi la fomu nene lenye mfuniko, yale ya kubebea samaki pale Feri yanafaa ilimradi yawe mazima na masafi. Mimina naitrojeni kina cha sentimita 5 hivi, weka rafu ya waya juu yake, umbali kutoka uso wa naitrojeni mpaka kwenye mirija uwe sentimita 4. Funika, subiri dakika chache mvuke utulie na rafu ipoe. Mirija itoke friji ikiwa mikavu, ipangwe kwa ulalo haigusani, haraka, kwa koleo lililopoozwa, funika. Dakika 8 mpaka 10. Usifunue kuchungulia. Baada ya hapo sukuma mirija yote izame kwenye naitrojeni yenyewe, nyuzi 196 chini ya sifuri, na toka hapo haitakiwi kuona hewa ya kawaida tena.

Sentimita 4 sio mapambo. Ukiweka rafu juu sana kuganda kunachelewa, ukiweka chini sana kunawahi, na naitrojeni inapungua wakati unafanya kazi kwahiyo kila bechi pima upya kwa rula ya mbao.

Ipo pia njia ya zamani ya kudondoshea matone kwenye vishimo juu ya barafu kavu, yale ya Salamon ya 1968 yaligandishwa kwa vidonge hivyo, ila barafu kavu kuipata ni kazi na kidonge hakiandikiki jina. Baki na mirija.

Kesho yake yeyusha mrija mmoja kwa kila mvuno, angalia kwa hadubini. Zinazokwenda mbele zikiwa asilimia 40 na kuendelea, mvuno umepita. Kati ya 30 na 40 ni za majaribio yako mwenyewe usimuuzie mtu. Chini ya hapo tupa mvuno wote.

Kuhusu mtungi na usalama

Lita moja ya naitrojeni ikichemka inakuwa karibu lita 700 za gesi isiyo na harufu, inasukuma oksijeni nje na unazimia bila kusikia chochote. Kwahiyo kwenye gari madirisha wazi, hata kama foleni ya Mandela Road na jua limekaa utosini, mtungi usimame wima umefungwa, na daladala usipande nao kabisa. Mfuniko wake halisi tu, usizibe kwa nguvu maana utalipuka. Miwani, glavu kavu za kulegea, viatu vya kufunika, sio kandambili.

Pima kina kwa kijiti cha mbao au fimbo ya plastiki kila wiki, ukitoa utaona ukungu mweupe umeishia wapi. Usisubiri ifike chini ya sentimita 10 ndo uanze kutafuta gari la Arusha. Mtungi ukitoa jasho au barafu nje shingoni, umekufa, hamisha mirija siku hiyohiyo. Na unapotafuta mrija usiinue kikapu kupita shingo, kikae chini kwenye ukungu, sekunde 5 mpaka 8 kama hujapata rudisha kipoe kwanza. Kila ukiinua barafu ndani ya mbegu inajipanga upya na fuwele zinakuwa kubwa, uharibifu huo unajumlishwa, hausahauliki ukirudisha.

Hatua ya 7: kuyeyusha

Wahimilishaji wa ng'ombe wengine wanayeyushia kwapani au mfukoni. Kwa kondoo hapana. Kuyeyuka kunatakiwa kuwe haraka ili barafu isipate muda wa kujijenga upya njiani.

Chukua chupa ya chai, maji nyuzi 37, themomita ndani. Toa mrija mmoja kwa koleo, kung'uta mara moja tone la naitrojeni lidondoke (likibaki ndani mrija unaweza kupasuka), uzamishe wote. Mrija wa mililita 0.25 sekunde 30, wa 0.5 sekunde 45 mpaka 60. Toa, futa kwa karatasi mpaka ukauke kabisa, kwa sababu tone la maji likiingia kwenye mbegu zinavimba na kupasuka. Kata upande uliozibwa, pakia kwenye kifaa, na kifaa nacho kiwe na joto la mwili, kifiche ndani ya shati. Usikiache juu ya boneti, kwa jua la saa saba la hapa kwetu chuma kinapita nyuzi 40 na unazipika.

Tumia ndani ya dakika 15. Yeyusha kwa idadi ya majike yaliyo tayari kitandani, sio kwa idadi ya majike yaliyo zizini. Iliyoyeyuka hairudi kwenye mtungi.

Hatua ya 8: majike

Majike yawe na afya, yamezaa angalau mara moja, yamemaliza kunyonyesha, hayajakonda. Sponji za homoni zinakaa ukeni siku 12 mpaka 14, siku ya kuzitoa unachoma PMSG (homoni ya kukomaza mayai) kama yuniti 400, kwa jike dogo punguza, ukizidisha utapata mapacha watatu na mama hana maziwa. Laparoskopi inafanyika masaa 54 mpaka 60 baada ya kutoa sponji. Ya mlangoni karibu masaa 55. Andika saa ya kutoa kwa kila jike, kwasababu jike la kwanza na la 40 yanapishana saa nzima au zaidi na upandikizaji ufate mpangilio uleule.

Kwa laparoskopi usiku wa kuamkia siku hiyo majike yasile wala kunywa, masaa 12 au zaidi, tumbo likijaa daktari haoni kitu na ni rahisi kutoboa pasipotakiwa. Wakamatwe taratibu, kivulini, wasikimbizwe na vijana wa mtaani huku wanashangilia. Baada ya hapo yabaki sehemu moja, usiyasafirishe wala kuyaogesha dawa kwa wiki kadhaa za mwanzo, mimba inakuwa bado haijajishikiza vizuri.

Jike lisiloshika linarudi kwenye joto karibu siku ya 17. Kwahiyo siku ya 14 ingiza dume la kawaida lifagie yaliyobaki, na chagua dume la rangi na umbo tofauti kabisa na la mbegu, kama mbegu ni Dorper mwenye kichwa cheusi basi mfagiaji awe Red Maasai. Daktari akipitisha altrasaundi kuanzia siku ya 35 baada ya kupandikiza atakuambia nani ana mimba na ni ya umri gani. Waliozaa karibu siku ya 147 mpaka 152 ni wa mrija, wanaoanza kuzaa wiki mbili na zaidi baadae ni wa mfagiaji, na kama tarehe zikikuchanganya angalia mtoto amefanana na nani kabla hujamvalisha hereni ya namba.